Mto Uliohama Upande

Waliokaa mkekani Kariakoo juzi, siku tuliyomzika fundi, walikuwa mjane wake, dada yake wa tumbo moja, binti wa Mwarabu aliyekuwa akimuuzia vitabu vyake dukani, na mimi niliyemchorea ramani. Majina yao yote ninayo, hata ya waliochelewa, ila mnajua ukurasa huu hautaji mtu.

Miaka ya hamsini fundi huyu alishona suruali Mtaa wa Msimbazi, na akiweka mkasi chini alitunga visa vya Tumbizi, nchi isiyokuwapo duniani, yenye majini na wafalme, kitabu baada ya kitabu. Mashine ya kuchapa ilitoa maandishi tu. Ramani aliichora kwa chaki sakafuni, nami, binti wa jirani niliyeishia darasa la pili, nikainakili kwa wino katika kila kitabu. Viwili vya kwanza nilivichora nimeketi ubavuni pake. Kabla ya cha tatu nikavunja ungo, mama akakataza nisikae tena bega kwa bega na mwanamume. Basi nikahamia mbele yake, tukatazamana, ramani katikati yetu. Nikaichora kama nilivyoiona.

Kitabu kilipofika dukani, wasomaji wakamvamia. “Fundi, mto wako una miguu? Juzi mashariki, leo magharibi!” Mwingine akadakia, “Na jeshi lako limevuka nini sasa, kaka, mchanga?” Mwarabu alicheka mpaka akashika kaunta. Fundi akavitazama vidole vyangu vyenye wino. Hapo nikaelewa.

“Kwetu Tumbizi,” akawaambia, “mito huhama.”

Nilipaswa kusema kosa ni langu. Lakini ningeelezaje kwamba nimehama pa kukaa, bila kutaja mbele ya wanaume wale kwamba nimekuwa mwali? Nikavificha vidole kangani. Mzaha haukuisha, hata wateja wa suruali walimwonya asiwashonee mguu wa kulia kushoto. Kitabu cha nne hakikuandikwa.

Juzi mjane alifungua sanduku, akanigeukia. “Dada, hiki hakutaka kiguswe.” Kilikuwa kitabu cha tatu. Ukurasa wa ramani fundi alikuwa ameukata, akaubandika upya, juu chini. Mto umerudi mashariki.

Kumbe alijua, akanibebea aibu maisha yake yote. Wote waliuliza mto umekwenda wapi. Hakuna aliyeuliza mchoraji alikaa wapi. Wajukuu zangu, kosa lenu lisemeni aliyelibeba angali anasikia.

Na kama yupo mwenye kitabu cha kwanza, atazame kama kweli mto ulikuwa mashariki. Nikiwa nimekosea, nisahihisheni. Safari hii nitasema ni mimi.