Kamba ya Mchimba Kisima

Mtaani walimwita Mama Kamba, na jina lilimkaa. Mumewe alichimba visima kwa mikono. Kabla ya kushuka alijifunga kamba kiunoni, na ncha ya juu haikufungwa kwenye mti wala kupitishwa kwenye roda, lile gurudumu la kuvutia. Mkewe ndiye aliyeishika, viganja vitupu.

"Roda haina masikio," fundi alizoea kusema. "Nikivuta, mke wangu anajua nimeinama, nimechoka, au nakufa."

Na kweli alijua. Miaka yote hiyo hakukosea hata siku moja.

Basi mwaka huo vidole vikaanza kumfa ganzi. Kukamua shuka kukamshinda. Asubuhi moja kikombe kikamponyoka mbele ya shemeji yake, mdogo wa fundi, ambaye kazi yake kisimani ilikuwa kuvuta ndoo za udongo.

"Kikombe kimekukimbia, shemeji. Tutafute mtu wa ndoo, kamba nishike mimi."

"Wewe? Suruali yako tu inakushinda kushika, kila saa iko magotini."

Fundi akacheka mpaka chai ikampalia. Shemeji naye akacheka, huku akijipandisha suruali. Maneno yakaishia hapo.

Siku hiyo walikuwa uani kwa watu, kisima kimeshapita mwamba na kuingia tope jeusi lenye harufu. Fundi akashuka. Mama Kamba alipoona kamba inateleza vidoleni, alimngoja shemeji ageuke kumwaga udongo, akaizungusha kiunoni mwake mara mbili juu ya sweta, akaifunga. Akaketi, mikono juu ya kamba, kama anayeshika. Moyoni alisema, kiuno hakifi ganzi. Mume wangu haanguki.

Ndoo zikapanda, zikashuka. Kidogo akahisi kitu kinamgusagusa ubavuni. Akadhani fundi anahama upande. Kikamgusa tena, halafu kikaacha.

Ndoo iliyofuata ikapanda tupu.

"Shemeji, kamba inasemaje?"

"Imetulia."

"Imetulia vipi?"

Mama Kamba akang'ang'ana na fundo mpaka likafunguka, akaishika kamba kwa viganja. Uzito ulikuwa wa gunia. Wakavuta wote wawili, kamba ikimchuna Mama Kamba ngozi naye hasikii. Fundi akatoka na tope mdomoni, vidole vimekakamaa juu ya kamba yake. Wakampepea, wakamsugua kifua, wakamwita kwa jina lake. Hakupumua tena.

Mwenye nyumba akasema ni hewa mbaya ya chini, ajali ya Mungu, asijilaumu mtu.

"Lakini kaka alivuta," shemeji akasema. "Tazama mikono yake. Hukusikia?"

Angeweza kusema hakuvuta. Nani angembishia Mama Kamba?

"Alivuta," akasema. "Sikuwa nimeishika. Nilijifunga kiunoni. Vidole vyangu vimekufa tangu masika, nikawaficha."

Shemeji akalitazama sweta lake lililobonyea kwa kamba. Akaenda kumwomba mwenye nyumba mlango mbovu wa kumbebea kaka yake. Mama Kamba aliposogea ashike pembe moja, shemeji akamwondoa mkono taratibu, akamwita jirani.