Alama ya Katambuga

Jina lake silijui. Kwenye sala zangu namtaja tu kama yule askari wa trafiki. Hasemi na wafiwa akiwa amesimama. Asubuhi iliyofuata baada ya gari kumgonga baba pale Igoma, alichuchumaa mbele ya mama, kofia mkononi, ndipo akampa pole. Vidole vyake vilikuwa vimejaa chaki, na kila alama iliyobaki kwenye lami aliigusa kwa mgongo wa kidole, kama anayepima homa ya mtoto.

Dereva alishaandikisha polisi kwamba baba alivuka ovyo, mbali na zebra, kama mlevi. Baba alikuwa mzee wa kanisa, pombe hakuijua. Juu ya zebra palikuwa na mburuzo mweusi, mfupi kama kiganja.

"Hiyo tairi ya bodaboda, afande," askari mwenzake alisema.

Yeye akamgeukia mama. "Mzee alivaa nini?"

"Katambuga, zile za tairi. Nilimwambia avae viatu, akanicheka."

Mama akatoa kwenye mfuko ile moja tuliyoiokota barabarani. Askari akaipokea kwa mikono miwili, akailaza juu ya mburuzo. Upana ukalingana, mistari ikakutana.

"Alikuwa kwenye zebra, mama. Hapa ndipo alipogongwa."

Akaizungushia alama ile chaki. Kabla hajainuka, akaiinamia, akasema taratibu, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba," mama akamwitikia kwa niaba yake.