Mama Nazha na Chachu ya Mforsadi

Je, wewe msikilizaji, umewahi kusikia mtu akiuonea huruma mti? Maisha ya Nazha binti Mikhail yanaanzia hapo. Alizaliwa mwaka 1927 katika kijiji cha Ayn Tuta, kwenye milima iliyo juu ya Beirut, siku za kuvuna zeituni, akabatizwa katika kanisa la Mar Abda kabla mama yake hajatoka arobaini. Baba yake alisafirisha mizigo kwa nyumbu. Mama yake alifuga viwavi wa hariri, na nyumba nzima ilinukia majani ya mforsadi, mti unaolisha viwavi hao. Wamaroni, ambao ni Wakristo, na Wadruzi, wenye dini yao wenyewe, walikaa Ayn Tuta ukuta kwa ukuta, wakichota maji kwenye chemchemi moja na kwendeana misibani.

Katika mkesha wa Ubatizo wa Bwana, kila mama wa Kikristo wa milima ile hukanda unga kwa maji matupu, akalifunga donge kwenye kitambaa cheupe na kulitundika mtini. Huaminiwa kwamba usiku ule Bwana hupita akibariki, miti yote humwinamia, na donge huumuka lenyewe likawa chachu ya mwaka mzima. Mti mmoja tu hauinami, nao ni mforsadi, kwa kiburi chake. Kwa hiyo hakuna atundikaye kitu hapo. Nazha alipokuwa na miaka saba alitumwa apeleke donge kwenye mzeituni. Akalipeleka kwenye mforsadi wa mpakani, kati ya ua wao na wa jirani. Bibi yake alimshika sikio.

"We mtoto, una wazimu? Mti huo hauna adabu!"

"Ndiyo maana, Bibi. Ile mingine imeshazoea kuinama. Huu tukiuruka kila mwaka, utajifunza lini?"

Asubuhi donge lilikuwa limeumuka hata fundo la kitambaa limefunguka. Bibi alilibonyeza kwa kidole, akanusa, akasema tu, "Haya, lete karai." Tangu siku hiyo Nazha hakutundika donge lake kwenye mti mwingine, na kijiji kikamzoea kwa kumcheka.

Kwa kuwa hakuwa na kaka, alibaki katika nyumba ya baba yake, na mumewe Butros, fundi mwashi, akahamia kwake. Walikaa miaka mingi bila mtoto. Mwaka 1961 akajaliwa mwana, akamwita Tanyus, lakini maziwa yake hayakutoka. Ng'ambo ya mforsadi aliishi Najla, mwanamke wa Kidruzi, aliyekuwa amejifungua Fadil majuma machache kabla. Najla alikuja bila kuitwa, akamchukua Tanyus akamweka ziwa la pili. "Huyu wako anavuta kama mkamuaji," alisema, "wangu analala tu kama bwana mkubwa." Hivyo watoto wale wakawa ndugu wa ziwa moja. Nazha naye, kila mwaka baada ya Ubatizo wa Bwana, alimgawia Najla nusu ya chachu. Walipokua, wavulana walikuja pamoja tanurini, na daima Fadil ndiye aliyetangulia kusema, "Mama Mkubwa, nina njaa," kwa sababu Tanyus aliona haya kuomba hata kwa mama yake mzazi. Butros alianguka kutoka ukutani akiwa kazini, akafa. Nazha alimlea mwanawe kwa mkate aliowaokea majirani.

Mwaka 1983 vita vya Wakristo na Wadruzi vilipanda mlimani. Kila upande ulikuwa na vizuizi vyake barabarani, na kila upande ulikuwa na maiti wake. Wakristo wa Ayn Tuta waliondoka asubuhi moja ya Septemba kwa miguu, na Nazha alibeba karai la chachu kichwani. Walipofika kwenye kona ya kinu, Tanyus alikumbuka kwamba ng'ombe amefungwa zizini. Alisema, "Nendeni, nawafuata," akarudi kumfungulia. Hakuwafuata. Baadaye ilisikika kwamba alisimamishwa kwenye kizuizi cha Wadruzi akauawa, na kwamba Fadil alionekana hapo akiwa na bunduki begani. Mwili haukupatikana. Kuanzia hapo Nazha alikuwa na haja moja duniani, kumzika mwanawe, na hakumwambia mtu.

Waliwekwa katika shule moja pwani, familia mbili darasa moja, blanketi likiwa ukuta. Ulipofika mkesha wa Ubatizo wa Bwana, Nazha alilitundika donge kwenye mlingoti wa bendera, maana uwanja haukuwa na mti. Asma, mjane aliyepoteza nyumba na mume katika juma moja, alimtazama huku amejishika kiuno.

"Mama Tanyus, Bwana atapita hapa kufundisha hesabu?"

"Akipita atukute tupo."

"Tupo kwa sababu yako na wenzako! Miaka yote umewalisha nyoka kwa chachu yetu. Wakashiba, wakatuuma."

Nazha alikaza fundo kwanza. "Nyoka hali mkate, Asma. Anayekula mkate ni mtu. Hilo ndilo linaloniuma." Kisha akamkatia Asma donge la kuokea watoto wake. Wengi walimtaka awalaani watu wa nyumba ya Najla kwa majina yao. Hakuwalaani, wala hakuwatetea. Aliokea shule nzima kwenye bamba la chuma mpaka viganja vyake vikawa vigumu kama kwato. Njia ilipofunguka, kila mwaka alimpa dereva wa mboga nusu ya chachu ampelekee Najla, bila neno. Karai lilirudi limeoshwa, bila neno.

Mwaka 1994 wazee wa pande zote mbili walipatana, na baadhi ya watu wakarudi. Nyumba ya Nazha ilikuwa imebaki kuta tupu. Mkesha wa Ubatizo wa Bwana, jua likiwa bado juu, alikwenda na donge lake mpakani. Najla alitoka mbio, ushungi wake mweupe ukimponyoka.

"Si hapo, Mama Tanyus! Tundika popote, si hapo!"

"Mama Fadil, tangu utoto wangu ni hapa."

"Tanyus yuko chini yake." Najla aliketi palepale kwenye matope. "Nilimbeba usiku kwa toroli, nikamchimbia mwenyewe. Fadil alikuwa kizuizini siku ile. Nani alipiga, sijui. Sijathubutu kumuuliza. Kama ningesema, wangekuja kumchukua mwanangu."

Nazha alilitundika donge palepale, akaketi matopeni karibu na Najla, na wazee wale wawili wakalia mpaka baridi ikawainua. Asubuhi chachu ilikuwa imeumuka. Akagawa nusu kwa nusu. Tanyus alifukuliwa, akazikwa kanisani kwa misa, na padre alipouliza habari za wauaji, Nazha alijibu, "Nilitaka kuzika. Nimezika."

Alifariki tarehe 9 Januari 2004. Kanisa halijatamka lolote juu yake, lakini watu wa Ayn Tuta humwita mtakatifu. Husimuliwa kwamba chachu yake haijawahi kuharibika, na kwamba Asma, aliyeapa kutorudi mlimani, alirudi. Wanawake wa dini zote mbili sasa hutundika madonge kwenye mforsadi ule. Atakaye kumwiga na aanze hapo: asimruke yule ambaye wengine wamekwisha kumruka.

Tumeiacha nyuma siku yake ya mwisho. Miaka yote tangu arudi, Nazha aliweka mkate mmoja juu ya ukuta wa mpakani, na Fadil, mtu mzima mwenye mvi, alizungukia njia ya juu ili asipite hapo. Siku ile alipita. Uani walikuwa wamejaa majirani wakingoja. Fadil alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Umekula?" Nazha aliuliza kutoka kitandani.

"Mama Mkubwa, nilikuwepo. Niliwaambia wamwache. Niliwaambia mimi na yeye ni nini. Lakini nilisema kwa sauti ya chini, kwa kuogopa. Hawakusikia."

"Uliwaambiaje?"

Fadil alinong'ona.

"Nami sikusikia," alisema Nazha. "Sema hata hao wa uani wasikie."

Fadil akageukia uani, akavuta pumzi, akapaza sauti: "Tanyus ni ndugu yangu!"