Uso Nilioupiga Msasa

Nilipaswa kumkatalia yule bwana. Nilikuwa na miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na neno "hapana" nilikuwa nalijua kwa Kimakonde, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Sikulitumia hata kwa lugha moja. Nilimwambia, "Sawa, nitamsugua," kisha nikachukua tupa na msasa, nikaufuta uso wa mama yangu.

Mama mwenyewe alikuwa amefariki zamani. Huo niliousugua ulikuwa uso wa mpingo, aliouchonga baba. Lakini nyumbani kwetu hatukuwa na mwingine, wala picha hatukuwa nayo, ndiyo maana nasema uso wa mama yangu na sisemi kinyago.

Enzi zetu, ninyi mliokulia huku juu Newala mtakumbuka, mtoto aliamshwa na maji. Maji yako chini bondeni, sisi tuko juu, na kabla jua halijachomoza mmeshateremka na ndoo. Kupanda ndiyo kazi. Tulitandaza majani juu ya maji yasimwagike, na bado ulifika Mkunya, kijijini kwetu, shati limelowa mgongo mzima. Halafu shuleni, pekupeku, daftari kwapani. Msimu wa korosho tuliokota za kuchezea, tunazipanga mstari na kuzilenga, na aliyeshindwa anabaki akilia na mifuko mitupu. Wengine tulizichoma porini kwa siri. Siri gani! Mafuta ya maganda yalitubabua midomo, na asubuhi mwalimu alitembea mstarini akiangalia midomo tu, hana haja ya kuuliza nani mwizi. Jioni ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha na chumvi. Wajukuu wangu nikiwawekea ming'oko leo wanauliza kama ipo tomato sosi.

Mimi na baba, hata hivyo, hatukuwa wenyeji. Tulivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita vya kuwaondoa Wareno. Nilikuwa na miaka mitatu hivi, mgongoni kwa baba. Mama alikuwa nyuma yetu na furushi la vyombo. Ndege zikaja. Baba alinifikisha ng'ambo hii, akanikabidhi kwa watu, akarudi kumtafuta. Alichokikuta hakuniambia mpaka anaingia kaburini. Ninachojua ni kwamba alirudi na tezo yake ya kuchongea, na hiyo tezo ilikuwa ndani ya furushi alilobeba mama.

Aliyetupokea Mkunya ni Mama Hadija, jirani yetu, mwenyeji, Mwislamu, mjane mwenye mdomo mkali na chungu kisichoisha chakula. Ndiye aliyenilea. Yeye alinisimulia kwamba baba, kabla hajasimamisha hata nguzo moja ya nyumba, alitafuta gogo la mpingo akaanza kuchonga kichwa cha mwanamke.

"Nikamwambia, baba we, jenga kwanza, mvua inakuja," Mama Hadija alipenda kusimulia. "Akanijibu, mvua haitanifutia kitu, siku ndizo zitakazonifutia. Nikaona huyu mwanaume kachanganyikiwa, nikamletea ugali."

Kile kichwa kiliwekwa juu ya kigoda, ndani, mkabala na mlango. Kilikuwa na chale za Kimakonde kwenye paji la uso na mashavuni, mistari iliyochimbwa ikakutana kwa pembe, na mdomo wa juu ulikuwa na ndonya, kile kisahani kinachovaliwa mdomoni. Mama Hadija, ambaye naye alikuwa na chale zake, akiingia asubuhi na uji alikisalimia kwanza: "Habari za kulala, mwenzangu? Mwanao mchafu huyo, usiku kanilalia na matope." Sisi watoto tulicheka. Yeye hakucheka. Aliniambia kwamba chale ni kama cheti: aliyezichanja anajulikana, kijiji kinajulikana, na siku uliyovumilia bila kulia inajulikana.

Kabla ya vita, baba alikuwa mchongaji wa mapiko, zile barakoa za mti mwepesi zinazochezwa vijana wakitoka jandoni, zenye nywele za watu kweli. Alikuwa akichekesha watu. Ukiwa na kitambi, ngoma ijayo utajikuta kwenye barakoa. Vita vilimgeuza. Upande huu aliuacha mti mwepesi, akashika mpingo ambao ni mgumu kama chuma, na watu aliowachonga wakaanza kushikana. Mtu kambeba mtu, huyo naye kambeba mtoto, mtoto kashika kuku, wote gogo moja. Alichonga watu wenye matumbo matupu unayoweza kupitisha mkono. Alichonga ndege ya vita yenye meno. Wachongaji wenzake waliovuka nao walifanya hivyohivyo, kila mmoja kwa namna yake, na wanunuzi kutoka mjini wakaanza kuviita vinyago vya kisasa. Baba alishangaa. "Kisasa kipi?" aliuliza. "Ndiyo tulivyovuka."

Kazi yetu watoto ilikuwa msasa. Si huu wa karatasi wa dukani, ni majani ya mti wa msasa, yanayokwaruza kama ulimi wa paka. Tuliketi mchangani tukisugua mgongo wa huyu na goti la yule mpaka mpingo ung'ae. Meno ya ile ndege niliyasugua mimi. Lakini kichwa cha mama kilikuwa na sheria yake. "Huyu usimpige msasa hata siku moja," baba aliniambia. "Huyu mpake mafuta tu." Kila Jumapili, tukirudi kanisani, nilikipaka mafuta ya nyonyo kwa kidole, nikifuata mistari mmoja mmoja.

Nilifanya hivyo kwa mapenzi mpaka nilipofika darasa la tano hivi. Hapo ndipo nilipoanza kuona haya. Wenzangu waliwaita watu wa ng'ambo Wamavia, na neno hilo walijua kulitamka kwa dharau. "Mmavia, rudi ukanywe Ruvuma!" Kuna mmoja alichungulia mlangoni kwetu, kesho yake shule nzima ikajua. "Mama yake Damiani ana mdomo wa sahani!" Nilipigana, nikapigwa. Tangu siku hiyo, nikimpaka mama mafuta niliangalia pembeni.

Nikafaulu, nikaenda sekondari Chidya. Nikajifunza kuchomekea shati. Msumbiji ilikuwa imeshapata uhuru, na likizo moja baba akaamua kuvuka kwenda kutafuta mahali alipolala mama, na kama kuna ndugu yeyote aliyebaki. Aliniachia nyumba. Mlangoni alisimama, akageuka. "Mwangalie mama yako," alisema. Basi.

Wiki ya pili akaja Bwana Sefu, mtu wa makamo mwenye kalamu mbili mfukoni, aliyekuwa akikusanya vinyago vya maonyesho Masasi. Alipita vyote vya baba uani, akanunua viwili, kisha akaingia ndani kunywa maji. Akakiona kichwa. Alikizunguka mara tatu.

"Kijana, hiki ndicho kitu," alisema. "Hiki kitakaa meza ya mbele. Ila hizi chale na hili dude la mdomoni… Taifa linasonga mbele bwana. Wageni wakiona hivi watasema bado tuko porini. Akilainishwa kidogo, atakuwa mwanamke wa leo."

"Ni cha baba," nilisema.

"Na baba hayupo. Msomi wa nyumba si ni wewe?"

Neno "msomi" lilinipata. Lakini nisimsingizie yeye peke yake. Niliwaza wenzangu wa Chidya wakipelekwa kwenye maonyesho, nikawaona wamesimama mbele ya meza hiyo, nikawasikia wakicheka. Ningeweza kusema hakiuzwi, kikabaki kigodani, na habari ingekwisha. Nilitaka awe kama mama za watu wengine. Nikasema sawa.

Nilianza mchana. Nilidhani nitaondoa chale tu. Lakini baba alikuwa amezichimba kwa kina, na ili mstari utoke ilinibidi kuyateremsha mashavu yote kwa tupa. Mashavu yalipoteremka pua ikabaki ndefu, nikaipunguza. Ndonya ilipotoka mdomo ukawa bapa, nikauchonga upya, wa kutabasamu. Kisha majani ya msasa, kisha mafuta. Jua lilipokuwa linatua nilikuwa na mwanamke laini, mzuri, anayecheka, ambaye sikuwahi kumwona maishani mwangu.

Mama Hadija aliingia na bakuli la mboga. Midomo yake ilikuwa imeshajiandaa kwa salamu. Akasimama. Aliweka bakuli chini polepole.

"Damiani. Mwenzangu yuko wapi?"

Akatoka, na miezi mingi ilipita kabla hajaingia tena ndani ya nyumba ile.

Baba alirudi siku nne baadaye, amekonda, kabla Bwana Sefu hajakuja kuchukua mzigo wake. "Shikamoo, baba." "Marahaba." Hakuliona kaburi. Kijiji kimekuwa pori, na watu wa upande wa mama hakumkuta hata mmoja. Aliyaeleza hayo akiwa bado amesimama, anafungua mkoba. Kisha akageukia kigoda. Alikwenda karibu, akapitisha dole gumba shavuni, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu gizani, ingawa mlango ulikuwa wazi na jua limejaa ndani.

"Mwanangu," alisema, "huyu ni nani?"

Nilianza kulia. Nilimwambia habari ya maonyesho, ya chale, ya wenzangu. Nikamwambia atachonga mwingine, mpingo upo, mikono anayo, nitamsaidia. Angenipiga ningeshukuru. Aliketi chini mchangani.

"Nilimchonga upesi nikiwa bado namwona," alisema. "Baada ya hapo nikawa nakiangalia kinyago. Miaka yote hii nimekuwa nakumbuka kinyago, mwanangu, yeye nilishaacha kumwona. Sasa nitamchonga kwa kumtazama nani?"

Bwana Sefu alipokuja, baba mwenyewe alimkabidhi kichwa. "Mchukue," alisema, "si wa hapa." Masasi kilikaa meza ya mbele, na mwandiko wa kadi ulikuwa wangu: Mwanamke wa Leo. Watu walikisifu sana. Alikinunua mtu ambaye jina lake sikulisikia, na sijui kama kiko nchi hii au nyingine.

Baba aliendelea kuchonga mpaka alipokufa. Lakini watu wake wote, kuanzia mwaka ule, walifunika nyuso zao kwa viganja. Wanaume, wanawake, watoto, hata mashetani. Wanunuzi walivipenda kuliko vyote vya nyuma. Walisema mzee anachonga hofu ya mabomu, anachonga maumivu ya vita, na wachongaji vijana wakamwiga, ikawa mtindo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaandikia maelezo, kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Niliandika "kumbukumbu ya vita", nikijua kabisa kwamba viganja vile havikuwa vya Wareno. Baba alivichonga kwa sababu hakuweza tena kuchonga uso. Wareno walimwachia uso mmoja, na huo nikauondoa mimi.

Siku hizi nikipita kwenye maduka ya vinyago naona kazi za msasa mtupu. Twiga, tembo, akina mama wanaotabasamu, mti mweupe umepakwa dawa ya viatu uonekane mpingo. Siwalaumu vijana. Wanachonga kinachotoka, kama Bwana Sefu alivyotaka, na vita hawakuviona. Enzi zetu tulikuwa na nyuso chache na tulizichimba kwa kina. Leo kuna nyuso nyingi, zote laini. Mjukuu wangu Agostina, aliyepewa jina la mama yangu, hupiga picha zake mia kwa siku, na simu yake ina kitu cha kulainisha uso. Anagusa tu, chunusi zinaondoka, pua inapungua. Nilimwambia, "Mjukuu wangu, acha, unajipiga msasa." Alicheka mpaka akakaa chini. "Babu naye! Picha ya kwanza si bado ipo humuhumu?"

Juzi alikuja na ile simu, akaniuliza, "Babu, mimi na bibi mkubwa Agostina tunafanana?"

Nilimtazama muda mrefu. Nilijaribu kukikumbuka kile kichwa kwa kidole changu, kile nilichompakia mafuta. Mistari ya shavuni ilikuwa mitatu au minne? Pajini ilikutana juu au chini? Pua? Kila ninapojaribu, anayekuja ni yule anayecheka, niliyemtengeneza mwenyewe. Mama Hadija amekufa. Baba amekufa. Ng'ambo ya mto hakuna anayemjua.

Nikamwambia Agostina sijui. Ndiyo gharama yote ya ile "sawa" yangu. Nimezeeka, na sijui mama yangu alikuwa na sura gani, na hakuna mtu aliye hai wa kunieleza.