Aliyeweka Isale Njia ya Himo

Ndelilio alikuwa mwanamume pekee kijijini kwetu aliyekata majani ya ng'ombe mwenyewe. Kwetu Marangu ng'ombe hatoki nje. Anakaa bandani na chakula anafuatwa nacho, na anayekwenda kukitafuta ni mwanamke. Tunashuka asubuhi hadi mashamba ya chini, upande wa Himo, tunakata majani au mabua ya mahindi, tunafunga mzigo kwa kamba, kisha tunaupandisha mlima kichwani. Wanaume wana kahawa yao. Hata bei ya kahawa ilipoanguka miaka ile hawakugeukia majani. Wengine waligeukia Holili, mpakani na Kenya, kuvusha mahindi, wengine wakaenda kubeba mizigo ya wazungu mlimani, kama mume wangu.

Ndelilio hakuwa na wa kumtuma. Mkewe, Eliona, alianguka jikoni mwaka 1991, upande mmoja wa mwili ukafa, hakuinuka tena. Mabinti wao wawili walikuwa wameolewa mbali. Basi Ndelilio akachukua mundu na kamba, akasokota ngata ya majani makavu ya mgomba, akajitwika mzigo kichwani kama sisi. Tulicheka sana. Labda angebeba begani tungemzoea mapema. Alitembea nyuma yetu, mbali kidogo, maana alijua hatutaki asikie maneno yetu, na tukifika darajani kupumzika yeye alipita kimya.

"Mwanamke mwenye ndevu huyo," alikuwa akisema Salvina, na hata mimi nilicheka. Salvina alikuwa na ulimi, lakini ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika ukiwa na mgonjwa.

Mwaka 1996 wanawake watatu waliuawa huko chini kwenye majani. Wa kwanza hakuwa wa kijiji chetu. Wa pili alikuwa msichana aliyetoka kupata kipaimara. Wa tatu alikuwa Salvina, siku ya Jumatatu, mwezi wa nane. Wote walinyongwa kwa kamba. Polisi walikuja, wakaandika, wakachukua vijana wawili wa kuvusha magendo, wakawaachia baada ya wiki.

Tangu hapo hatukuwa na habari nyingine pale darajani. Tulitua mizigo kwenye ukuta wa daraja na mjadala ulianza kabla jasho halijakauka.

"Ni yule kondakta wa pikapu," alisema Mektrida, jirani yangu wa juu. "Mwangalieni macho, mekundu kama ya nyoka."

"Macho mekundu hata baba mkwe wako anayo," alijibu Eunike wa kwaya.

"Ya baba mkwe ni ya pombe ya mbege. Yale ni ya damu."

"Umeyapima wewe?"

Tulicheka, kisha tukaacha, maana kucheka kulikuwa kumeanza kututia aibu.

"Mimi nasema ni mtu wa ng'ambo," Eunike aliendelea. "Anaua huku, analala Kenya. Utamkamata wapi?"

"Mtu wa ng'ambo angejuaje kwamba Salvina hupanda wa mwisho?" niliuliza.

Nilijuta kusema, kwa sababu kila mmoja wetu alielewa maana yake: ni mtu wetu. Mwanangu Gladys, aliyekuwa na miaka kumi na saba, alikuwa amekaa pembeni akinoa mundu wake kwenye jiwe, na niliona mkono wake umesimama.

Mwezi wa tisa likaonekana jani la isale pale alipokutwa Salvina. Lilikuwa jani moja, limefungwa fundo, limewekwa juu ya jiwe. Wiki iliyofuata jipya, na iliyofuata tena jipya, kila Jumatatu. Kwetu huhitaji kuambiwa maana ya isale lililofungwa fundo. Uliyemkosea unamletea, na yeye akilipokea hana ruhusa ya kukataa kukusamehe. Hata ugomvi wa damu umewahi kumalizwa nalo.

"Basi amejitaja mwenyewe," alisema Mektrida. "Nani anaomba msamaha kama si aliyeua?"

Hapo mabishano yote yaliisha. Kondakta akasahaulika, mtu wa ng'ambo akasahaulika. Anayeweka isale ndiye muuaji. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Sifael, alikubaliana na vijana kwamba Jumatatu ijayo watajificha kwenye mabua na kumngoja. Hakuna aliyeuliza watamfanya nini. Mwizi wa ng'ombe wa mwaka uliotangulia hakufikishwa kituoni.

Mimi nilikuwa namjua.

Mpaka wa shamba langu na la Ndelilio umepandwa masale, kama mipaka yote ya kwetu. Mimi ni mtu wa kuangalia. Sikusoma zaidi ya darasa la nne, lakini nikipita mahali nakumbuka kilichokuwepo jana. Niliona jani limekatwa kwa mundu, kisha la pili, la tatu. Na Jumatatu moja nilimwona mwenyewe, akikata, akitia mfukoni, akishuka.

Tangu uamuzi wa balozi nilikaa na jambo hilo siku nne. Nikinyamaza, na kumbe ni yeye, basi namkabidhi mwanangu kwa muuaji kila asubuhi. Nikisema, na kumbe siye, basi nitakuwa nimeua mtu kwa mdomo. Mume wangu alikuwa mlimani, sikuwa na wa kumwuliza. Nilimkataza Gladys kushuka, nikamwambia anaumwa malaria. Alinishangaa, maana hakuwa anaumwa.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwa Ndelilio.

"Hodi."

"Karibu, mama Gladys," Eliona aliitikia kutoka kitandani. "Umekuja kuniona mimi au ng'ombe?"

"Nyote wawili, mae," nilisema, maana kwetu mama ni mae. "Shikamoo."

"Marahaba. Basi anza na ng'ombe. Hapa yeye ndiye anayelishwa kwanza."

Nilicheka, lakini macho yangu yalikuwa yakitazama. Shuka lilikuwa safi. Mgongo wa yule mama, alipogeuka kidogo kunionyesha mahali panapomwasha, haukuwa na kidonda hata kimoja, na huo ulikuwa mwaka wa tano kitandani. Nilimuuguza mama yangu miezi minne tu, na najua mgongo wa mgonjwa unavyooza ukisahau kumgeuza usiku mmoja.

Ndelilio alikuwa bandani akikatakata migomba. Nilimsalimia, nikasimama mlangoni, mahali ambapo ningeweza kukimbia.

"Meku," nilimwita, kama tunavyowaita wazee, "masale ya mpakani unayapeleka wapi?"

Hakuacha kukata. "Unajua ninapoyapeleka, ndiyo maana umesimama hapo."

"Niambie mwenyewe."

Aliweka panga chini, akajipangusa mikono kwenye suruali. Alizungumza polepole, kama mtu anayesoma barua ya zamani.

"Siku ile nilichelewa kukata. Ninyi mlikuwa mmeshapanda. Nilipokuwa njiani na mzigo wangu mdogo wa kujitwika mwenyewe nikamsikia Salvina nyuma, ameshafunga wake, hana wa kumtwika. Akaniita, 'Wee mwanamke mwenye ndevu, njoo unitwike!' Nikajifanya sisikii. Ningegeuka, ningekuwa nimeliitikia jina hilo."

Ng'ombe alitafuna.

"Aliita mara tatu, mama Gladys. Mara ya tatu aliita jina langu, vizuri kabisa. 'Ndelilio, tafadhali.' Na bado sikugeuka."

Mwanamke yeyote wa kwetu anajua kwamba mzigo wa majani hujitwiki mwenyewe ukiwa umejaa. Unahitaji mtu wa kukuinulia upande mmoja. Usipompata unakaa juu ya mzigo wako unangoja apitaye. Hapo nikakumbuka jambo ambalo wote tulikuwa tumeambiwa na hakuna aliyelitia maanani: wale wanawake watatu, wote, walikutwa karibu na mizigo iliyofungwa tayari.

"Mbona hukuwaambia polisi?"

"Niwaambie kwamba mimi ndiye wa mwisho kumsikia akiwa hai?"

Nilimtazama usoni muda mrefu. Ningependa kusema niliona ukweli pale. Sikuona kitu. Niliona mzee aliyechoka. Muuaji naye angeweza kunisimulia hadithi hiyohiyo, neno kwa neno, na mwanamke anayengoja kutwikwa angemfurahia Ndelilio kuliko mtu mwingine yeyote.

"Kesho usiende," nilimwambia. "Wanakungoja kwenye mabua."

"Kesho ni Jumatatu."

"Watakuua, meku."

"Nilimwahidi."

Sauti ya Eliona ilipenya ukuta wa mbao. "Ulimwahidi maiti! Na mimi niliye hai nani atanigeuza?"

Ndelilio aliinamisha kichwa. Sijui kwa nini, lakini hapo ndipo nilipoamua. Labda kwa sababu ya ule mgongo usio na kidonda. Labda kwa sababu hata kwa kunyamaza ningekuwa nimeamua.

"Nipe mimi hilo la kesho," nilisema.

Asubuhi ya Jumatatu nilishuka peke yangu. Nilikuwa naogopa hata kivuli changu. Nilipoliweka isale juu ya jiwe, vijana wanane walitoka kwenye mabua na marungu, na wa mbele nusura anipige.

"Mama Gladys!"

Mzee Sifael alikuja akihema. Aliniangalia mimi, akaliangalia jani. "Hili ni lako?"

"Nimeliweka mimi, umeniona."

"Na yale mengine?"

"Yote yamekatwa mpakani kwangu. Nendeni mkahesabu."

Hilo lilikuwa kweli, na nilishukuru kwamba hakuuliza yamekatwa na nani.

"Ulimkosea nini Salvina?"

"Tulimwacha nyuma, mzee. Mimi, na mama zenu wote. Kila mmoja aliwahi kwenye chungu chake. Mmeona mizigo ya wale watatu ilivyokutwa? Imefungwa. Walikuwa wanangoja mtu wa kuwatwika, na aliyewajibu ndiye mnayemtafuta. Hakuna haja ya kumvizia kwenye jani."

Vijana walitazamana. Mmoja alitupa rungu lake majanini, kisha akaliokota tena, akaona aibu. Mzee Sifael alisema nirudi nyumbani, nimewapotezea asubuhi.

Mchana ule pale darajani Mektrida hakuniongelesha. Kesho yake alisema, "Ungeniambia, tungeweka pamoja." Tukakubaliana kwamba hakuna atakayepanda hadi wa mwisho atwikwe, na atakayemkimbia mwenzake asitue mzigo wake ukutani pamoja nasi. Nikasema pia kwamba Ndelilio atembee nasi, si nyuma yetu, kwa sababu mwanamume mmoja ni bora kuliko hakuna. Eunike alicheka, lakini hakukataa.

Baada ya siku tatu nilimrudisha Gladys kwenye majani. Nilimwambia atwikwe mzigo wake na Ndelilio. Ningeweza kumwambia Mektrida amtwike, lakini nilikuwa nimewapa watu neno langu juu ya yule mzee, na haikuwa haki watoto wa wengine wawe karibu naye na wangu awe mbali. Nilisimama hatua tatu na mundu mkononi. Ndelilio aliinua mzigo, akauweka sawa kwenye ngata, akarudi nyuma haraka, kama aliyejua ninachokitazama.

Hakuuawa mwingine. Kama ni kwa sababu ya kutwikana, au muuaji alihama, au alikufa, sijui. Hadi leo hajakamatwa. Mektrida kila mwaka ana jina jipya, na mwaka jana alimrudia kondakta, ambaye sasa ana duka la nguo za mitumba na amenenepa. Akifika kwenye habari ya isale, ananigeukia mimi, na wageni wananiangalia kwa namna ambayo nimeizoea.

Eliona alitangulia mwaka 1999. Ndelilio aliendelea kukata majani miaka mitano mingine, ingawa angeweza kuuza yule ng'ombe. Tulimzika mwezi wa nne, kwenye mvua. Ndiyo maana sasa naweza kuandika kwamba yale masale yalikuwa yake. Kama nilikosea juu yake, basi nilikosea nikiwa nimemtanguliza binti yangu mwenyewe, na Gladys yupo, ana watoto wawili, na ananiuliza kwa nini bado namsindikiza.