Upenyo wa Milimita Tatu

Asmahani binti Uwesu ana hasira za karibu. Tunakaa naye chumba kimoja cha kazi hapa Tabora mjini, yeye akichora nyumba kwa kompyuta, mimi nikitoa fotokopi, na hasira zake nimekwisha kuzizoea. Lakini zile za mwaka jana zilikuwa za haki, na hata mimi bado zinanichoma.

Baba yake, Fundi Uwesu, huchonga milango ya mninga. Hoteli moja mpya, kwenye njia ya zamani ya misafara, ilitaka mlango mkubwa wa nakshi. Msimamizi wake, Abdulatifu, alisema kabla ubao haujakatwa apewe picha ya kuchapwa kwenye kitambaa kwa ukubwa wa mlango wenyewe. Ikimpendeza, kazi ni ya mzee. Mzee ana miaka sabini na moja, macho yameanza kufifia, na alijua wazi kwamba huo ndio mlango wake mkubwa wa mwisho.

Asmahani akapima, akachora. Kwenye programu ya kuchorea, mviringo ni mviringo. Programu ya kutengeneza picha haijui mviringo, inajua pembetatu tu, kwa hiyo kila ua lazima likatwekatwe vipande. Vikiwa vichache, maua yanaota kona. Vikiwa vingi, kompyuta inaganda. Halafu kingo za vipande hazikutani, na madoa meusi yanajitokeza katikati. Kwenye simu huyaoni. Kwenye kitambaa cha mita mbili na nusu, hata aliyesahau miwani nyumbani anayaona.

"Dada, si ubofye tu 'lainisha'?" Abdulatifu alimwambia kwa simu. "Kazi gani hiyo ya wiki mbili?"

Akabofya. Nakshi za baba yake zikayeyuka kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Akatukana kwa Kiswahili na kwa Kinyamwezi, kisha akaanza upya kwa mkono, ua moja moja, siku kumi na moja. Siku ya mwisho zilibaki nyufa kama mia tatu, na Abdulatifu anapiga simu kila saa. Kwa uchovu, akaiamuru programu izibe kila ufa mwembamba kuliko milimita nne. Picha ikatoka safi, akaituma.

Mchana mzee alikuja, akaisogelea skrini hadi pua ikakaribia kuigusa.

"Mwanangu, mlango huu unafunguliwa wapi?"

Upenyo kati ya mabawa mawili ya mlango ulikuwa umezibwa. Fundi Uwesu huacha milimita tatu pale, maana mninga uliokatwa kiangazi hunywa maji ya masika ukatanuka. Kwa kompyuta, huo ulikuwa ufa tu kama nyufa nyingine.

Asmahani alisahihisha siku hiyo hiyo. Abdulatifu akakataa. "Huo mstari unaharibu. Nataka kama ile ya kwanza, iliyoshikana."

Mzee akasema hatengenezi mlango wa kufungia watu ndani. Kazi ikapewa fundi mwingine, akachonga maua ya Fundi Uwesu kwa kuyatazama kwenye kitambaa kilichochapwa ile picha ya kwanza, mabawa yakashikana vilevile. Huo ni wizi, sina jina jingine. Na Asmahani alijikasirikia mwenyewe kuliko alivyowakasirikia wao. Wiki nzima hakuweza kumtazama baba yake usoni.

Mwezi wa kumi na mbili, mvua zimeshakolea, simu ikalia, Asmahani akaiweka kwenye spika. Mzee alikuwa amekuja kutusalimu.

"Mlango umekwama," Abdulatifu alisema. "Wageni wanapitia jikoni. Mwambie mzee aje, vijana wameshashika nyundo."

"Bofya 'lainisha'," Asmahani akamjibu, akakata.

Nilicheka. Mzee hakucheka. Alikuwa anavaa kofia yake.

"Baba, huendi! Watu wamekudhulumu!"

"Maua yale ni yangu," alisema. "Siwezi kuyaacha yapigwe nyundo."

Tukaenda wote watatu, Asmahani amebeba mfuko wa vifaa huku analia kwa hasira. Mabawa yakang'olewa kwenye bawaba, mzee akapiga randa saa mbili nzima, akipapasa kingo kwa kidole, hadi upenyo ukapatikana. Mlango ukafunguka.

Abdulatifu akarudi nyuma hatua chache. Akautazama mlango, kisha kitambaa kilichokuwa bado kinaning'inia ukutani.

"Lakini sasa haufanani na picha," alisema.

Bahati yake randa ilikuwa mkononi mwa mzee, si mwa Asmahani.