Chaki ya Maksai

Juzi hospitalini muuguzi alinipa kikombe cha dawa nyeupe ya bariamu, ninywe kabla ya kupigwa picha ya tumbo. "Dada, itikise kwanza, inatuama," alisema. Hasira ikanipanda, si kwake, bali kwa alasiri moja ya utotoni, kijijini Nyamwaga.

Maksai wetu wa kulima alikuwa amefunga choo. Tata, baba yangu, alinipa haluli, dawa ya kuharisha iliyotumwa na mjomba kutoka ng'ambo ya mpaka, akaniagiza niikoroge kwenye maji. Nusu ikanimwagikia kwenye mavi ya zizini. Kwa kuogopa fimbo, nikasaga vipande vya chaki nilivyookota darasani, nikajazia. Niliamini kila unga mweupe huyeyuka, mradi mkono usichoke.

Mkono ulichoka. Harufu ya mkojo wa ng'ombe ilinichoma puani, kijiti kiligonga debe, na kila nilipopumzika unga ulirudi chini.

"Koroga, wewe!" Tata alifoka. Kisha akachungulia debe. "Kumbe shemeji amenitumia vumbi!"

Nilinyamaza. Maksai alikufa.

Sasa nafundisha kemia. Salfeti ya magnesiamu, yaani haluli, huyeyuka upesi. Ya kalsiamu, yaani chaki ile, kwa shida sana. Ya bariamu, karibu haiyeyuki kabisa. Wanafunzi wangu huelewa hayo kwa kipindi kimoja tu.

Tata amezeeka, na mpaka leo hapokei simu ya mjomba. Kila likizo nasafiri kwenda kumweleza Tata ukweli wa chaki. Nikifika nasema shikamoo, halafu nanyamaza tena.